Miaka Ishirini Juu ya Dungu

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kwenye shamba la mama yangu, huko visiwani mto unapoingia baharini, upande wa Mbwera. Niliianza nikiwa na miaka saba, meno ya mbele yameng'oka, na nimeiacha masika haya. Hakuna aliyeniaga kwa hotuba wala kunipa kiinua mgongo. Shamba limekufa, na mtu anayeamia shamba lililokufa si mfanyakazi tena, ni kichaa.

Nawaandikia nyie wasichana wa darasa la tatu, la nne, la tano, ambao mpunga ukianza kubeba mnapewa kombeo na kuambiwa shule ipo tu, haikimbii. Wavulana nao wanapewa, lakini wao wakichoka wanakwenda kuvua na hakuna anayewauliza. Nyie mtaulizwa. Kwa hiyo sikilizeni mimi niliyeketi pale kabla yenu, na msitegemee nitawachangamsha. Sina cha kuwachangamshia.

Nianze na ujuzi, maana ndiyo mali pekee niliyotoka nayo.

Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba hupandi dunguni kuangalia ndege. Unaangalia mpunga. Kwelea, wale vindege walaji nafaka, hawaji mmoja mmoja kama wageni wa msibani, wanakuja kama moshi, na ukisubiri uuone moshi wenyewe umeshachelewa. Tazama juu ya masuke. Kivuli kinapita kabla ya ndege. Ukiona mpunga umekuwa mweusi kidogo halafu ukarudi rangi yake, hapo vuta kamba ya makopo. Usipige kelele mapema. Wanaoanza kazi wote wanapiga kelele tangu alfajiri, ikifika saa nne sauti imekauka, na kwelea wanalijua hilo kuliko mama zenu.

Kombeo usilitie jiwe. Jiwe linavunja mabua, halafu siku ya kuvuna linang'oa meno ya mundu na mtu anatukanwa. Finyanga vidonge vya udongo usiku wa kuamkia, vianike juu ya paa la dungu. Kikianguka shambani kinarudi kuwa shamba.

Haya alinifundisha Bi Somoe, mama yake mama yangu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikaa dunguni ameegemea nguzo utadhani amelala, kumbe anahesabu. Wiki yangu ya kwanza nilitupa kidonge, kikapita juu ya kundi zima la ndege, kikamshukia jirani yetu mmoja mzee aliyekuwa amechuchumaa ukingoni anatawadha. Nikasikia sauti. Bi Somoe hakufungua hata macho.

"Huyo uliyempiga si kwelea," akasema. "Ni mzee wa watu, tena alikuwa na udhu."

"Nikamwombe radhi?"

"Nenda. Na mwambie atawadhe upya, maana nimesikia alichokitamka."

Bi Somoe ndiye aliyenionesha kwamba ndege wengine si wezi, ni habari. Dudumizi akilia kwenye matete, ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, mvua haiko mbali, anua nguo. Yangeyange wakimfuata mtu anayelima, ardhi ina wadudu, ina uhai. Mwewe akizunguka juu ya shamba, kaa kimya ule muhogo wako, umepata msaidizi asiyetaka posho. Mnana, yule wa manjano anayesuka viota, ukimwona ananing'iniza viota vyake kwenye matete ya kandokando ya kijito chetu, maji ya kijito ni ya mto, matamu. Na sululu, yule wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, huyo ni wa tope la bahari, anatafuta kaa. Sululu akishuka ndani ya mpunga, Bi Somoe alikuwa akisema, hesabu kwamba bahari imeshabisha hodi.

Mgeni mmoja aliwahi kuja na darubini, kazi yake kuhesabu ndege. Akakaa chini ya dungu langu siku mbili na daftari zuri. Akaniuliza, "Huyu mnamwitaje?"

"Mwizi."

"Na yule mdogo?"

"Mwizi mdogo."

Akaandika. Sikumwambia habari ya mnana na sululu. Nilikuwa na miaka kumi na nne na niliona wivu. Hayo yalikuwa yetu.

Sasa niwaeleze kazi ambayo haina jina lakini ndiyo iliyoniua.

Shamba la visiwani linanyweshwa na mto ukisukumwa na bahari. Bamvua likija, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inausukuma mto urudi nyuma, kijito kinajaa mpaka kwenye tuta la shamba. Mto ukiwa na nguvu, yanayofika kwenye tuta ni maji matamu. Unafungua tuta, mpunga unakunywa, unaziba. Mto ukiwa dhaifu, inayofika ni bahari yenyewe. Ukifungua hapo umekwisha.

Kwa hiyo lazima mtu aonje. Anayeonja ni mwamiaji, kwa sababu ndiye wa kwanza kufika shambani. Anaonja alfajiri, hajala, hajapiga mswaki. Anayaweka maji nyuma ya ulimi, anahesabu mpaka kumi, anatema. Kisha anasema "tamu" au "chumvi," basi, na mwenye shamba ananyanyua jembe au analiweka chini. Wazee hawaonji, ugoro umeshaua ndimi zao. Mama yangu ugoro haumtoki mdomoni tangu nimjue. Na mwenye mimba haonji kabisa. Kinywa cha mimba, wanasema kwetu, hakina uaminifu.

Miaka minane iliyopita nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayanuki wala hayanukii, na nilikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa kijana mmoja wa boti. Yule kijana baadaye alinioa, sina ugomvi naye. Lakini asubuhi ile sikuwa mke wa mtu. Mvua ilikuwa imekata wiki mbili. Mpunga ulikuwa unaanza kubeba na majani yameanza kujikunja kama karatasi. Bamvua likaja. Mama akasimama juu ya tuta na jembe.

"Onja, Siku," akaniambia. Mimi ni Sikudhani, nyumbani wananiita Siku.

Nikaonja. Kinywani mwangu wakati ule kila kitu kilikuwa na ladha ya senti ya zamani, chai, wali, hata mate yangu mwenyewe. Sikusikia kitu. Ningesema "sijui," Mama angeniuliza kwa nini sijui, na jibu lilikuwa tumboni. Nikatazama kijito. Viota vya mnana vilikuwepo, saba, nane, vinaning'inia kwenye matete. Nikajisemea, mnana hawadanganyi.

"Tamu," nikasema, nikapanda dunguni.

Mama akafungua.

Siku ya tatu ncha za mpunga zikawa nyeupe. Wiki ya pili shamba lote lilikuwa rangi ya mkeka wa zamani. Mnana nao wakaviacha viota vyao, makinda ndani, nikasikia yanalia siku moja na nusu. Walikuwa wamejenga mapema, mto ulipokuwa bado na nguvu, na hawakujua, kama ambavyo mimi sikujua. Hilo sikulifikiria asubuhi ile. Kiota kinakupa habari ya siku kilipojengwa. Kukisoma kama habari ya leo ni ujinga, na ujinga huo niliufanya nikiwa na cheti cha kidato cha nne kwenye begi.

Mimba ilipoonekana, hesabu haikuwa ngumu kwa mtu yeyote. Shangazi zangu walinitazama tumbo, wakalitazama shamba. Mama hakusema neno. Alinikandia mgongo, akanizalisha Rukia kwa mikono yake, akamwogesha, na hakusema neno. Nilimshukuru kwa hilo miaka yote. Nilidhani ni huruma.

Niliolewa, nikahamia Kibiti, lakini kila masika nilirudi. Mpunga ukiota robo ya shamba, niliuamia robo. Ukiota mistari miwili, niliiamia mistari miwili. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Unaenda kulinda nini?" nikamjibu vibaya, hakurudia. Nilikuwa nalipa. Nilitupa vidonge vyangu kwa kwelea kumi na tano waliopotea njia, Mama yuko chini anapalilia majani ambayo hayakustahili kupaliliwa, na jioni tunakula pamoja. Chumvi ikishaingia kwenye ardhi haitoki kwa jembe. Inataka mto uioshe, na mto haukuja tena na nguvu zile. Wanaojua sababu ni wengi na kila mmoja ana yake. Mimi nimeacha kuwasikiliza.

Masika haya nina mtoto mchanga, wa kiume, hana hata miezi mitatu. Nikashindwa kwenda. Mama akanipigia simu.

"Niletee Rukia, likizo hii tu. Nimepanda tena."

"Umepanda wapi?"

"Palepale."

"Mama, pale pamekufa."

"Niletee mtoto," akasema. "Nataka macho yake tu."

Rukia ana miaka saba, yuko darasa la pili. Nilimpeleka mpaka kwenye boti, nikamkabidhi kwa dada yangu mdogo aliyekuwa anaelekea kulekule. Likizo ikaisha. Shule zikafunguliwa Jumatatu. Jumatano Rukia hajaja. Napiga simu, Mama anasema maji hayaruhusu boti, nami najua maji yanaruhusu, nimezaliwa juu yake. Ijumaa nikambeba mwanangu mgongoni nikaenda mwenyewe, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ambayo mtu hatakiwi kumwambia mama yake.

Nilifika jioni, nimechoka, maneno yakalala na mimi. Alfajiri niliamka nikakuta kitanda cha Mama na Rukia kitupu. Nikaenda shambani.

Mama alikuwa amesimama juu ya tuta, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili na kubaki. Kijito kimejaa, bamvua limefika kwenye tuta. Mpunga upo, ndiyo, lakini umejikunja majani kwa kiu. Rukia amechuchumaa, amekinga maji kwa kiganja, ameyatia mdomoni, macho kayafumba. Nikamwona anahesabu kwa vidole. Akatema.

"Tamu, Bibi."

"Una hakika?"

"Tamu kabisa."

Mama akanyanyua jembe, na uso wake, jamani, sikuwahi kuuona vile tangu nikiwa mtoto.

Nikatazama matete. Hakukuwa na kiota hata kimoja. Nikatazama upande wa pili wa shamba, sululu watatu wanatembea kati ya mistari, wanachoma tope taratibu, hawana haraka.

"Mama, ngoja," nikasema. Nikashuka na mtoto mgongoni, nikachota, nikaweka nyuma ya ulimi. Sikufika hata tatu. Chumvi ilinikaba koo.

"Rukia. Haya maji yana nini?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Chumvi."

"Mbona umemwambia Bibi ni matamu?"

"Nimesema chumvi siku nne, Mama. Kila nikisema chumvi, Bibi hali."

Mama akashusha jembe. Mimi nikafungua mdomo na yale maneno ya njiani yakatoka yote, mengine siandiki hapa. Kwamba anamwachisha mtoto shule kwa ajili ya mabua. Kwamba anamfundisha uongo.

"Sikumfundisha mimi," Mama akasema. "Wewe nani alikufundisha?"

"Mimi nilikuwa na mimba."

"Najua."

"Unajua sasa. Siku ile hukujua."

"Nilijua siku ileile. Ulikuwa unatema mate wiki ya pili na unakula udongo wa kichuguu ukidhani umejificha. Nimezaa saba, Siku."

"Ukaniacha nionje."

"Ulipopanda dunguni nikaonja mwenyewe. Hata ulimi wangu huu uliokufa uliisikia chumvi."

"Ukafungua."

"Mpunga ulikuwa unakauka," akasema. "Ungekufa kwa kiu au ungekufa kwa chumvi. Nikasema labda yamechanganyika. Labda nusu kwa nusu. Nikafungua."

Niliuliza kitu kimoja tu, na sauti yangu ilikuwa imekauka kama ya mwamiaji wa siku ya kwanza. "Miaka minane. Mbona hukuniambia?"

Akakaa juu ya tuta. Akatoa kikopo chake cha ugoro, akakishika tu bila kukifungua.

"Kama kosa lilikuwa lako, shamba linapona," akasema. "Nikipata kinywa kizuri, linapona. Mwakani au mwaka wa pili. Kama halikuwa lako..."

Rukia alikuwa anatutazama, huyu halafu yule, kama anayeamia.

Ningependa kuwaambia nilimkumbatia mama yangu. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira ambayo haikupata pa kukaa. Nimkasirikie nani? Yeye aliyefungua? Asingefungua mpunga ungekufa vilevile, siku chache mbele. Nilimkasirikia kwa kila masika niliyorudi, kila asubuhi niliyokaa juu ya nguzo zile namlipa deni alilolijua si langu. Na katikati ya hasira yote nikaona jambo baya zaidi: nilitaka lirudi kuwa kosa langu. Lilipokuwa langu, nilikuwa na kazi.

Nilimkusanyia Rukia nguo zake tukaondoka na maji hayohayo yanapotoka. Alilia mpaka tukafika bara, hakunisemesha. Jumatatu nilimpeleka shule, nikamwambia mwalimu mtoto alikuwa anaumwa. Rukia akamtazama mwalimu usoni.

"Sikuwa naumwa," akasema. "Nilikuwa kazini."

Mwalimu akacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kukaa chini nilie, na nikaishia kumfunga vizuri vifungo vya shati.

Ndiyo maana nawaandikia. Watu watawaambia kazi hii inafundisha subira, inafundisha mazingira, mtoto wa siku hizi hajui hata jina la ndege. Mimi nayajua majina yote. Najua nani analala matete gani, nani anakula nini, nani anakuja mvua ikiwa imebakiza siku mbili. Nimeangalia kwa miaka ishirini na nimeangalia vizuri, na Bi Somoe kabla yangu aliangalia vizuri zaidi, na hakuna hata punje moja tuliyoiokoa kwa kuangalia, maji yalipoamua. Mkiambiwa mpande dunguni, pandeni, sitawadanganya kwamba mtaweza kukataa. Lakini mtu mzima akiwauliza maji yakoje, semeni yalivyo, hata kama hatakula. Na asije mtu akawabebesha shamba zima kwenye ulimi wa mtoto, mkakubali kwamba kosa ni lenu.

Wiki mbili baadaye Mama alipiga simu, mchana.

"Nimefungua," akasema.

"Maji yakoje?"

"Sijui. Sikuonja."

Nikasikia upepo kwenye simu yake. Nikamwuliza kuna ndege gani, nadhani kwa mazoea tu.

"Wale wa mdomo mrefu. Wengi, Siku. Shamba zima. Sikuwahi kuona wengi hivi." Kisha akasema, "Mpe Rukia, asikie."

Nikampa. Rukia akaweka simu sikioni, akasikiliza mpaka salio la bibi yake likaisha. Akanirudishia.

"Bibi yuko peke yake," akasema.

Nikamwambia akafanye hesabu zake za shule.